Watu wa Mlima Uliofungwa

Kufikia saa nne asubuhi, Jeptoo alikuwa amesimama kando ya picha ya mlima kwa saa tatu, na miguu haikumuuma tena; ilikuwa imekufa ganzi. Kazi yake kwenye maonyesho ya China ya kale, katika jumba la makumbusho mjini Doha, ilikuwa kuhakikisha hakuna mgeni anayegusa kitu. Kuongea na wageni hakukuruhusiwa.

Alfajiri, ndani ya basi la kampuni ya ulinzi kutoka Al Mansoura, mtaa anakoishi, alisoma ujumbe wa kaka yake Bradley kutoka nyumbani Kenya. Askari wa msitu walikuwa wamerudi, wakachoma nyumba ya mama, safari hii pamoja na ghala la mahindi. Walisema msitu unahitaji kupumzika. Jeptoo aliusoma mara mbili, akazima simu, akaikabidhi mlangoni kama sheria ilivyotaka.

Sasa profesa mmoja aliingia na wanafunzi wake. Akawaeleza kwamba wanafalsafa wa China walifundisha miti isikatwe ovyo, mlima upewe msimu wake wa kupumzika. Wafalme wakalipenda fundisho hilo. Wakaifunga milima, wakawafukuza wakulima, kisha wakaingia wenyewe kuwinda na kukata magogo ya majumba yao. Mito ilipojaa matope, waliolaumiwa ni wakulima.

Msichana mmoja akauliza watu wale walikwenda wapi. Profesa akasema kumbukumbu hazielezi.

"Wanakaa kando ya barabara," Jeptoo alisema. "Askari wakiondoka, wanarudi kujenga."

Wakageuka wote. Profesa akatabasamu, akamshukuru, akawaongoza kwenye picha iliyofuata.

Ronnie, supavaiza wake kutoka Uganda, alikuwa ameona kila kitu kwenye kamera. Hakugomba. Alimpa fomu ya onyo na kumhamishia lango la maegesho, nje juani.

"Sista, nikikuacha hapa, mimi ndiye nitakayeulizwa."

Jeptoo akatia sahihi.

Jioni, alipokwisha kurudishiwa simu, mama alipiga akiwa kwa jirani. Aliuliza kama huko Doha, kwa hao watu wakubwa, hakuna hata mmoja wa kuambiwa haya.

"Nimemwambia mmoja leo."

"Akasemaje?"

"Alisema asante."

Mama akasema mabati saba hayakuharibika, na kesho Bradley ataanza kuchimba mashimo ya nguzo.