K Iliyoinama

Jamani, hamtaamini, lakini kadi mia mbili za harusi ziliandikwa kwa mwandiko wa mama ambaye mkono wake wa kulia hata kijiko haushiki!

Ilikuwa hivi. Bibi harusi aliingia duka la kadi na daftari limechakaa hilo. Mama yake alikuwa fundi cherehani kabla upande wake wa kulia haujapooza, na humo ndimo alimoandika vipimo vya wateja. Kiuno, bega, shingo. Lakini mwandiko sasa, weee! Herufi zimeshikana mikono, mikia imejikunja kama utepe.

"Kaka Wino," akamwambia yule mchoraji wa kadi, "hizo fonti zako za maringo sizitaki. Kila harusi zimo. Nataka huu wa mama."

Wino akapiga daftari picha, siku nne nzima anachora herufi moja moja kwenye kompyuta, a ishike b, b ishike e, mpaka ukichapa neno unaona kabisa mama anaandika! Kasheshe ikawa moja tu. Mama, kwa haraka zake za kazi, hakuwahi kuandika herufi kubwa hata siku moja. Na kadi inaanza na "Karibuni".

Wakamfuata nyumbani. Kalamu mkono wa kushoto, ulimi nje, mama akaandika K. Ikatoka imeinama, mguu mmoja unatetemeka.

"Usiiguse, kaka," bibi harusi akasema, machozi yanamlenga. "Niahidi."

"Nakuahidi."

Binti akaenda kuleta maji. Hapo hapo mama akamvuta Wino shati kwa ule mkono mzima. "Mwanangu, inyooshe."

"Mama, lakini nimeshaahidi..."

"Kwani anaolewa na hiyo K? Miaka thelathini nanyoosha nguo za watu, leo harusi ya mwanangu nipeleke kitu kimepinda? Watasema mama mtu kalewa!" Akacheka. Halafu akaacha kucheka. "Mwandiko ni wangu, baba. Nakuomba."

Wino alikaa mbele ya kompyuta mpaka chai yake ikaota utando. Mwisho akachukua mgongo wa k ndogo ya kwenye daftari, ule ulionyooka, akaupa ile K kubwa.

Kadi zilipofika, mama alipitisha kidole juu ya K, polepole, mara mbili. "Ee," akasema. "Huyu sasa ndiye mimi."

Bibi harusi akaitazama kadi, akamtazama Wino. Ameshajua. Akakaa chini karibu na miguu ya mama yake. "Imependeza, mama," akasema, na mama akacheka mpaka mabega yakatikisika.

Wino akaaga. Mama akamwombea dua zote. Bibi harusi hata kichwa hakuinua.

Haya niambie, ungekuwa Wino, ungemsikiliza nani?