Brandur Alikufa Mara Mbili

Ahadi ni deni, na Rógvi alikuwa ameahidi kuongoza wimbo wa ngoma ya duara kwenye harusi ya dada yake Marjun. Aliahidi kabla hajaugua. Wimbo wa Brandur, shujaa wa kale, una beti themanini na nne, na yeye alikuwa nazo zote kichwani tangu ana miaka kumi na tano. Karatasi haisaidii, maana katika duara kila mtu kashikwa mikono yote miwili na jirani zake.

Kisha ukaja mwaka ule wa sauti alizozisikia peke yake. Madaktari wa mjini Tórshavn waliupa ugonjwa jina, skizofrenia, wakampa dawa, na sauti zikanyamaza. Kijiji kizima kikadhani yamekwisha. Marjun alijua hayajakwisha. Alimwona akichemsha maji ya kahawa mara tatu na kahawa yenyewe asiitie. Alimwona asubuhi nzima kwenye ukurasa mmoja wa gazeti. Muuguzi alimsomea maneno kumi na tano ayarudie, akarudisha manne.

"Maneno yapo, dada," Rógvi alimwambia Marjun siku ile. "Ila hayapangi foleni."

Marjun alijifungia chooni akalia. Kisha akafanya kosa la mtu anayependa sana: alimwendea mjomba Heini kwa siri, akamwomba auchukue wimbo endapo mdogo wake angekwama.

"Mbele ya watu?" Heini alishtuka. "Kumnyang'anya mtu wimbo ni kumvua suruali, we mtoto!"

"Afadhali wewe kuliko wamcheke."

"Haya. Nitakuangalia wewe. Ukinikonyeza tu, naingia."

Siku ya harusi, nyama ya kondoo na viazi vilipokwisha, meza zilisogezwa ukutani na duara likafungwa, watu sitini, hatua mbili kushoto, moja kulia. Rógvi alikuwa kushoto kwa bibi harusi. Alipoanza, sauti ilikuwa ile ile, na moyo wa Marjun ukatulia. Ubeti wa kumi ukapita, wa ishirini, wa thelathini. Kwenye wa arobaini Brandur alichomwa mkuki akafa, kama ilivyo desturi yake. Watu wakaimba kiitikio, wakamngoja kiongozi.

Rógvi alifungua mdomo, pasitoke kitu. Watu wakarudia kiitikio, wakakirudia tena, miguu haikusimama. Akaukaza mkono wa dada yake. Hatimaye akaimba: Brandur anatandika farasi wake tayari kwa safari.

Ulikuwa ubeti wa kumi na mbili. Maiti anatandika farasi!

Ng'ambo ya duara mjomba Heini alimkazia macho Marjun. Marjun akamgeukia mdogo wake. Alikuwa amefumba macho, anatafuta kila neno kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe, na usoni hakuwa na haya hata chembe. Hapo Marjun akatambua kwamba aibu aliyotaka kumwepusha Rógvi ilikuwa yake yeye, si ya mdogo wake. Ikamchoma.

Akamtikisia Heini kichwa: hapana. Kisha akapaza sauti, akatandika farasi pamoja na mdogo wake, na watu sitini wakatandika pamoja nao. Brandur akapanda tena, akagombana tena na wakwe zake, akachomwa tena.

"Masikini, leo kafa kwelikweli!" alipiga kelele bibi Sanna, mmoja wa wazee wa kijiji, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Rógvi naye akacheka.

Safari hii ubeti wa arobaini na moja ulikuja, ukiburuta miguu. Halafu akaruka hadi wa sabini, nao wakaruka naye hadi mwisho.

Duara lilipofunguka Rógvi alibaki ameshika mkono wa dada yake.

"Nilirudia, sivyo?"

"Ulirudia."

"Na nyote mlijua."

"Tulijua."

"Sasa mbona mlinifuata?"

Marjun alimfuta jasho la paji la uso kwa kiganja chake.

"Sasa sisi tungekwenda wapi bila wewe, Rógvi?"