Harusi Ndani ya Mkebe

Mvua ilimkuta Jepleting akipika chini ya mwavuli. Kiprugut alikuwa ameshang'oa mabati ya jikoni. Ni ya marehemu kaka yake, alisema, na ya nyumba yatafuata. Mfanyakazi hana urithi.

Mfanyakazi! Chepngeno, mjane wa huyo kaka, alimwoa Jepleting kwa ng'ombe, mchana, mbele ya watu, kama wanawake wasio na mtoto walivyooa huko kwao. Sasa Chepngeno yuko kaburini, na mashahidi karibu wote nao. Ilibaki filamu. Zamani walikuja watu wa kamera huku juu ya Subukia kutengeneza hadithi ya wanawake wawili wanaopendana, na harusi wakaipiga ya kweli, ya Chepngeno na Jepleting. Serikali ikaipiga marufuku, nakala zikachomwa. Mkebe mmoja wa filamu ukabaki chini ya kitanda cha Chepngeno.

Obeid, mnunuzi wa filamu za kale kutoka Nakuru, aliutaka sana. Alitaja pesa za kujenga nyumba nzima. Ila kwa sharti isionyeshwe popote. Wenye kukusanya, alisema, hugombania kile ambacho wengine hawajakiona.

Jepleting hakuuza. Akakata kipande kidogo cha filamu, akakiacha nyumbani, mkebe akaupeleka kwenye kikao cha chifu uwe ushahidi wake.

Chifu hakuufungua. Marufuku ni marufuku. Lakini Jepleting akikubali mbele ya wazee kwamba ile harusi ilikuwa mchezo wa kamera, kwamba yeye alikuwa rafiki tu, ataachiwa pahali pa kujenga chumba.

Jepleting akakataa.

“Kwani mathe, mlikuwa mnalala kitanda kimoja?” chifu akamuuliza.

“Kimoja. Kwako viko vingapi?”

Wazee wakaficha vicheko ndani ya kofia. Kiprugut akatema mate, akasema ni aibu kwa ukoo.

“Kijana anayevuta ng'ombe wa mahari humo ndani ni wewe, shemeji,” Jepleting akamwambia. “Umevaa koti la kaka yako. Unacheka.”

Safari hii hakuna aliyecheka. Chifu akaufungia mkebe kabatini. Jepleting alipotoka, gari la Obeid lilikuwa linaegeshwa nyuma ya ofisi.

Asubuhi vijana wa kazi walipanda paa. Kiprugut akazunguka nyumba, akafika dirishani, akasimama. Kile kipande kilikuwa kimebandikwa kwenye kioo, jua linakipenya: yeye, mdogo, anavuta ng'ombe, anacheka, picha chini ya picha.

Akaitisha nyundo.

Jepleting akavuta kiti, akaketi upande wa pili wa kioo.