Usiseme Siumii

Tabibu Bonifasi alimwambia Leonia kwamba mguu haumuumi, kwa sababu mguu wenyewe haupo.

Alisema hivyo kwa sauti ya kusikika na kila mtu. Hema la matibabu halikuwa na mlango wala pazia, na foleni ya wagonjwa ilianzia mezani kwake ikatoka nje hadi kwenye mchanga walikoanika dagaa. Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 1997. Kambi ya mapokezi pale Kigoma ilikuwa imejaa watu waliovuka ziwa kutoka Kongo, na boti nyingine zilikuwa bado zinaingia.

"Kidole gumba ndicho kinachoniuma," Leonia alisema. "Kimekunjwa kinyume, kana kwamba kuna mtu anataka kukivunja. Na kisigino kinaungua."

"Mama, wewe ulikatwa juu ya goti."

"Najua nilipokatwa, Daktari. Ni mguu wangu."

Waliokuwa mbele ya foleni wakacheka. Bonifasi hakupenda kuchekwa. Alikuwa kijana wa Simbo, kijiji cha jirani, hana muda mrefu kazini, na tangu asubuhi alikuwa hajapata hata nafasi ya kunywa chai. Akaazima kanga ya mgonjwa mmoja, akasema atamfunga Leonia macho, naye aseme pale atakaposikia ameguswa mguu wa kushoto, ule uliokatwa.

Leonia akakubali. Alikuwa mwalimu, jaribio hakuliogopa. Akanyoosha mapaja juu ya benchi, akafungwa macho, akangoja. Kidole kiliendelea kuuma vilevile. Hakikuzidi wala hakikupungua. Kisha akasikia kicheko kikianzia karibu naye na kusambaa hadi nje ya hema. Akaivuta kanga. Bonifasi alikuwa anapigapiga benchi kwa kiganja, pale ambapo kisigino kingekuwa.

"Nakupiga kisigino muda wote huu, hujasema kitu," Bonifasi alisema. "Hakuna mguu, hakuna maumivu. Anayefuata."

Leonia akamgeukia mume wake. Feliksi alikuwa amesimama kando, ameshika magongo aliyomchongea kwa mkono wake. Kule kwao alikuwa fundi wa mitumbwi, mtu asiyekubali kazi mbovu wala neno la ovyo. Leonia alitegemea aseme kitu, chochote. Feliksi akamnyooshea magongo.

"Twende, Mwalimu," alisema, akimwita daktari kwa neno la kwao. "Munganga amesema."

Wakatoka. Leonia alipita katikati ya watu wale wote akiwa ameuma meno, mpaka wakafika kwenye kibanda chao cha shitingi, turubai la plastiki la msaada. Alilala akiuelekea ukuta wa plastiki, akampa mumewe mgongo, na Feliksi akaona ni heri atoke akatafute kuni.

Kule Uvira Leonia alifundisha falsafa darasa la mwisho la sekondari. Kila mwaka alianza na somo lile lile, njia ya shaka. Aliwaambia wanafunzi watilie shaka kila walichoambiwa na kila walichokiona. Kasia likiwa ndani ya maji huonekana limevunjika, na wao wanajua ni zima. Aliyelala huota anakimbia, kumbe yuko juu ya mkeka. Kwa hiyo hata mwili wako unaweza kuutilia shaka. Kinachobaki mwisho, alisema, ni yule anayetia shaka, maana huyo huwezi kumtilia shaka bila kuwepo. Kisha alifunga somo kwa mfano ambao watoto wa ziwani waliuelewa mara moja: mwili ni mtumbwi, nafsi ni nahodha.

Alilipenda somo hilo. Lilimpa kiburi kizuri mbele ya watu waliodhani mwanamke hawezi kufundisha mambo hayo.

Vita vilipofika Uvira, kombora lilianguka ufukweni wakati watu wanagombania boti. Kipande cha chuma kikaingia chini ya goti la Leonia. Walivuka ziwa na kushuka kusini kwa shida, na walipofika Kigoma mguu ulikuwa umeoza. Madaktari waliukata ili aishi, na ni kweli aliishi. Alipozinduka, Feliksi alimwambia kwamba aliwaomba wampe mguu, akaufunga kwa kitenge, akapanda nao kilimani nyuma ya mji na kuuzika. Hakutaka utupwe kama taka.

Sasa Leonia alilala chini ya plastiki iliyochemka kwa jua, akiwa na hasira. Kwanza ilimwendea Bonifasi na kiganja chake. Kisha ilimwendea kila aliyecheka, kwa kuwa nao walikuwa wakimbizi, nao walikuwa na ya kwao yasiyoonekana. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba jaribio lenyewe lilikuwa la kwake. Yeye ndiye aliyefundisha watu wasiamini kwa urahisi.

Akajiuliza kwa haki kabisa: je, kama kijana yule amesema kweli?

Hakulikwepa swali. Alilifuata kama alivyolifuata ubaoni. Mguu haupo, macho yanasema, mume aliyeuzika anasema. Kubali. Kidole hakipo. Kubali. Maumivu? Akajaribu kusema, labda nadhani tu kwamba naumia. Wakati huo huo kidole kilikunjwa tena, akaikamata kona ya blanketi na kuiuma. Alipoweza kuvuta pumzi alijua amefika chini kabisa, pale ambapo hapachimbiki tena. Mtu anaweza kudhani ana mguu na asiwe nao. Hawezi kudhani anaumia na asiwe anaumia. Kudhani huko ndiko kuumia kwenyewe.

Na hapo hasira ikamgeukia yeye na somo lake. Nahodha gani huyo? Ubao ukipasuka, nahodha huuona umepasuka, hutafuta pamba na lami akaziba. Halii. Haumi blanketi. Leonia alikuwa analia. Hakuwa amekaa ndani ya mwili wake kama mtu aliyepanda chombo ambacho angeweza kukishuka. Alikuwa amechanganyika nao, hata na ile sehemu iliyokwisha kuzikwa. Miaka yote aliwaandikia watoto ubaoni uongo uliopambwa, wakaunakili, na yeye akawapa alama.

Shaka hata hivyo hakuiachia. Shaka aliyoifundisha ilimtaka mtu aanze na nafsi yake. Ya Bonifasi ilianza na mgonjwa na kuishia kwa mgonjwa. Yeye mwenyewe hakujihoji hata kidogo.

Feliksi alirudi jua linapoelekea milima ya Kongo. Akaweka kuni chini, akasonga ugali wa muhogo, akamsogezea sahani. Kisha akasema, bila kumtazama, kwamba ameongea na Martini, kiongozi wa kikundi cha maombi. Watakuja kesho kumwombea.

"Kuniombea nini?" Leonia aliuliza.

"Hicho kinachokusumbua. Martini anasema kitu kisicho na mwili kinachomtesa mtu ni pepo. Watalikemea."

Leonia akaisukuma sahani.

"Asubuhi nilikuwa mwongo. Jioni nimekuwa na pepo," alisema. "Wewe umenioa miaka yote hii. Umewahi kuniona nalia kwa kitu ambacho hakipo?"

"Sikusema wewe mwongo."

"Ulisema munganga amesema. Mbele ya watu wote, Feliksi. Alipiga benchi watu wacheke, na wewe ukaninyooshea magongo."

"Ulitaka niseme nini?"

"Useme mke wangu anaumia. Maneno matatu."

Mikono mikubwa ya Feliksi ilikuwa inachezea kipande cha kuni, inakibandua magome. Alipoongea, sauti yake nayo ilikuwa na hasira, jambo ambalo Leonia hakulizoea.

"Mguu ule niliuzika mimi," alisema. "Si munganga, si Martini. Mimi. Nilichimba kwa jembe la kuazima, nikauweka, nikaufukia, nikaukanyagia udongo ili mbwa wasiufukue. Sasa wewe kila siku unaniambia kisigino kinaungua, kidole kinavunjwa. Unadhani mimi nasikiaje? Nikikubali kwamba unauma, basi nimezika kitu kizima. Nimekikanyagia udongo na kinalia. Ndiyo maana nasema haupo. Lazima usiwepo."

Leonia hakuwa amelifikiria hilo. Lilimchoma, lakini halikumpoza. Alimwonea huruma na akabaki na hasira naye, vyote pamoja.

"Mguu uliouzika umekufa," alimwambia. "Ulizika vizuri, hukunikosea. Maumivu hayako kule kilimani. Yako hapa, mimi ndiye ninayeumia. Lakini kwa sababu unaogopa, umeniacha nayo peke yangu. Hilo ndilo ulilonikosea. Mwambie Martini asije."

Feliksi akaondoa sahani. Wakalala.

Asubuhi Leonia alichukua magongo akaenda hemani peke yake. Mchanga ulikuwa laini, magongo yakazama, akafika amelowa jasho. Akapanga foleni kama wengine. Baadhi walimtambua, wakanong'ona. Zamu yake ilipofika, Bonifasi akashusha kalamu.

"Mama, tulishamaliza."

"Wewe ulimaliza. Mimi nina swali." Leonia hakukaa. "Yule mama aliyenitangulia umempa dawa ya tumbo. Uliliona tumbo lake likiuma?"

"Maumivu hayaonekani. Ameniambia."

"Ukamwamini."

"Tumbo analo."

"Kwa hiyo unayaamini maumivu kwa kuangalia kiungo. Haya. Mtu akifa, viungo vyote anavyo. Anaumia?"

Bonifasi akatabasamu kwa uchovu. "Hapana."

"Basi kiungo peke yake hakiumi. Anayeumia ni mtu. Maumivu yangekuwa yanakaa mguuni, Daktari, yangezikwa pamoja nao, na mimi leo nisingekuja kuchekwa na wewe."

Safari hii hakuna aliyecheka. Bonifasi aliangalia foleni, akaangalia kasha lililokuwa chini ya meza, akarudisha macho kwa Leonia. Akainama mbele na kushusha sauti.

"Mama, nisikilize. Dawa kali za maumivu zimebaki kidogo sana. Kuna waliopigwa risasi, kuna wanawake wanaojifungua. Nikikupa wewe leo, kesho utarudi, na keshokutwa. Hazitoshi."

Leonia hakushusha sauti yake.

"Kwa hiyo jana ulijua."

"Sikujua. Nilisikia chuoni kwamba wapo waliokatwa wanaosema hivyo. Sikuwahi kumwona."

"Umemwona. Ukamfunga macho." Gongo moja likateleza, akalirudisha. "Dawa hazitoshi, hilo ni neno la kweli. Ningelielewa. Ningerudi kwangu nikavumilia, na mimi ni mtu mzima. Lakini wewe uliona dawa hazitoshi, ukaamua ni rahisi zaidi maumivu yangu yasiwepo. Sema dawa hazitoshi. Usiseme siumii."

Nje mwanamke mmoja aliyekuwa anageuza dagaa alikuwa ameacha kuwageuza. Bonifasi alikuwa amekunja uso, na kwa kitambo Leonia alidhani atamfukuza. Alikuwa na uwezo huo. Badala yake alisimama, na aliposema, alisema kwa kusikika, ingawa kama mtu anayelazimishwa.

"Mama anaumia," alisema. "Mimi dawa ya kumpa sina. Jana nilikosea."

Hakuomba msamaha zaidi ya hapo, na Leonia hakumpa. Bonifasi alimwita msaidizi wake Regina, akamwambia amwonyeshe mama jinsi ya kukanda kigutu kwa maji ya moto na kukifunga vizuri, labda kitatulia. Leonia alikandwa. Kulikuwa na nafuu ndogo, kidole kilibaki kimekunjwa. Akaondoka akiwa na hasira kama alivyokuja, ila sasa alitembea nayo akiwa ameinua kichwa.

Alipofika kwenye kibanda alimkuta Martini anaondoka na Biblia yake kwapani, amenuna. Feliksi alikuwa amesimama mlangoni kama mtu aliyezuia ng'ombe asiingie shambani.

"Nimemwambia kama anataka kuomba, akaombe maumivu yapungue," Feliksi alisema. "Akaniambia sina imani. Nikamwambia basi."

"Na mimi unaniambia nini?"

Feliksi akampokea gongo moja, akamshika kiwiko amsaidie kukaa.

"Yanauma sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Wapi?"

Leonia alimwonyesha kwa kidole, pale chini juu ya mkeka ambapo hapakuwa na kitu. Feliksi alipatazama. Hakusema haupo. Alikaa karibu naye, akawa anauliza, na Leonia anajibu kwa ukali, kipi kinaungua na kipi kinavunjwa, kama mtu anayeeleza ramani ya nchi aliyofukuzwa. Alikuwa hajamsamehe. Alijua hatamsamehe siku hiyo, na pengine hata kabla ya treni kuja kuwachukua wakimbizi kuwapeleka kambi ya kudumu. Lakini kidole kilipokunjwa tena alimkamata Feliksi mkono badala ya blanketi, akaubana kwa nguvu zake zote, mpaka mumewe naye akakunja uso.