Nailoni ya Kochi

Kisu kiliingia kwenye nailoni ya kochi nacho kikatoa sauti kama ya mtu anayeshusha pumzi. Nilianzia nyuma, chini ya mgongo, mahali ambapo mgeni asingeona. Kisha nikajicheka. Nani wa kuona? Mwenye kulinda ile nailoni alikuwa chini ya udongo tangu 2015.

Kochi lile nililitengeneza mwenyewe, kazi yangu ni hiyo, fundi makochi pale Doornfontein, huku kusini tulikohamia. Biubwa, mke wangu, ndiye aliyechagua kitambaa, kijani cha mbaazi mbichi. Siku nilipolifikisha chumbani kwetu Bellevue bado limevaa nailoni yake, akakataza isiguswe. Akija mgeni, alisema, mgeni wa kweli, ndipo tutaitoa. Basi wakaja wapangaji wenzetu, wakaja watu wa dini, wakaja jamaa kutoka Tanga na masanduku yao, wote wakaketi juu ya nailoni ikiwalilia kwii kwii chini ya makalio. Biubwa aliwaangalia mmoja mmoja, na hakuna aliyefuzu.

Akafa hajawahi kukikalia kitambaa chake. Alifia kwenye benchi la hospitali ya serikali, tukimsubiri daktari tuliyeambiwa yuko mkutanoni. Mimi sina elimu, niliishia darasa la nne, lakini hili nalijua: wakubwa wana mikutano, sisi tuna mabenchi.

Tukabaki wawili, mimi na binti yetu Bushra. Mwaka huo ninaousimulia, 2017, alikuwa na miaka ishirini, anasoma chuo hatua chache tu kutoka karakana yangu. Jumamosi alikuwa akiketi barazani na watoto wa nyumba nzima, maana nyumba yetu ni ya zamani, imekatwa vyumba kama mkate, kila chumba na nchi yake. Aliwasomea vitabu. Vitabu vyenyewe alivipata kwa rafiki yake Denise, msichana wa Kikongo aliyekuwa akiuza kwenye duka la vitabu vya mitumba mjini.

Vilikuwa vya kila umri. Cha wadogo kilikuwa cha picha: mtoto mwenye mama wawili, wote watatu wanamwogesha mbwa, povu limefika darini. Waliobalehe walikuwa na chao, cha kijana mcheza mpira aliyempenda golikipa, kijana mwenzake. Na kimoja kinene, hakina picha hata moja, cha watu wazima. Hicho Bushra alinisomea mimi.

Kiingereza changu ni cha kununulia mkate spaza, kiduka cha mtaani. Kwa hiyo Jumapili baada ya alasiri mimi nashona mito, yeye anasoma kimoyomoyo na kunitolea kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Hadithi ya wanawake wawili wazee wanaofuga nyuki mlimani. Niliwapenda wale bibi. Waligombana kuhusu chumvi, waligombana kuhusu kuni, na mmoja alipougua, mwenzake aliionja kila dawa kwanza ajue uchungu wake.

Hapo nikaacha kushona. Mimi nilimfanyia Biubwa vilevile.

"Hawa si mtu na dada yake," nilisema.

Bushra hakuinua macho. "Sio, Baba."

Akageuza ukurasa, akaurudisha. Kisha akasema polepole, kama mtu anayeweka yai kwenye meza iliyoinama, "Na mimi na Denise si marafiki tu."

Sindano ilinichoma kidoleni. Nilikinyonya kidole muda mrefu kuliko kilivyohitaji.

"Endelea," nikasema. "Nyuki wamefika wapi?"

Akaendelea mpaka mwisho wa sura.

Tungeishi hivyo, naamini, kama si wakubwa. Mtoto mmoja wa barazani alikwenda madrasa akawahadithia wenzake habari ya mama wawili na mbwa wao. Mpaka leo sijui kilichowakera zaidi, mama wawili au mbwa ndani ya nyumba. Siku ya pili Ahmad akanijia karakana. Ahmad ni mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana, na msomaji aelewe uzito wake: huku ugenini mtu akifa, chama ndicho kinachomuosha, kinachomvisha sanda, kinachochimba. Biubwa alioshwa na wanawake wa chama. Ahmad mwenyewe alishika jeneza upande wa kichwa.

Alikataa chai. "Bwana Mwadini, tumekustahi kwa ajili ya marehemu," alisema. "Vitabu vile viondoke pale barazani, ama jina lako tutalitoa. Kisha ukae ufikiri nani atakuosha."

Nilitazama mikono yake.

Nikaona nimepata njia. Shule za huku, mwaka ukianza, hutaka kila kitabu kivishwe karatasi ya kaki, na Biubwa ndiye aliyekuwa akiifanya kazi hiyo mezani, mkasi kwenye meno. Nikanunua kaki. Nikavivisha vyote, kikubwa na kidogo, kona zimelala sawasawa. Mtoto atasoma, mwenyekiti hataona kitu, na mimi nitapata wa kunizika. Hata nilijisifu kidogo.

Bushra aliporudi kutoka chuoni alisimama mbele ya meza. Akakiokota kile cha picha. Hakuna mama, hakuna povu. Kaki tupu.

"Umenifunika, Baba."

"Nimefunika vitabu, mwanangu. Wasikusumbue."

"Ni mimi umenifunika."

Akakirudisha taratibu. Akasema atakaa kwa Denise kidogo. Aliniuliza kama nimemeza dawa ya presha, akanionyesha sufuria ya maharage, akachukua begi lake, na mlango hakuubamiza. Laiti angeubamiza.

Ijumaa nzima niliketi kwenye lile kochi, nikisogea linalia, nikitulia linanyamaza. Jumamosi asubuhi nikachukua kisu.

Nailoni safi ilikuwepo karakana, rola nzima, ningeweza kungoja Jumatatu. Sikutaka kungoja. Kungoja ndiko kulikomla Biubwa. Nikakata mgongo, nikakata mikono, kitambaa kikatokea kijani kama siku ya kwanza. Kisha nikavua kaki yote, nikavivisha vile vitabu upya kwa nailoni ya mke wangu, kila kimoja na sura yake nje. Wale mama wawili na mbwa wao wakawa wanang'aa kama wametoka kuoga kweli.

Watoto walipokuja barazani nikaketi mimi. Kusoma Kiingereza sijui, nikasimulia picha kwa Kiswahili. Shekinah, mtoto wa Mama Jeanne wa chumba cha juu, aliyekijua kitabu chote kwa moyo, akawa ananisahihisha kwa Kiingereza na Kizulu, akiniita Mkhulu, babu, na kunisikitikia. Mama yake alisimama mlangoni anatupiga picha kwa simu.

Ahmad alipita kwenye geti, akasimama. Jua lilikuwa limepiga kwenye jalada.

"Jina lako, Bwana Mwadini," alisema.

"Litoeni."

Alitazama chini, nafikiri alitaka kusema jingine. Akaenda zake. Walilitoa kweli, na leo, 2019, bado halimo. Mama Jeanne alinifariji palepale. "Papa Bushra, usiogope," alisema, "sisi Wakongo tutakuzika. Lakini tutaimba, na ngoma. Utavumilia tu." Eish, nilicheka mpaka Shekinah akanikemea nisome.

Picha ile Mama Jeanne alimtumia Bushra. Alasiri nikasikia hatua za watu wawili kwenye ngazi.

Bushra aliingia kwanza. Aliona vitabu mezani, akaona kochi. Akapitisha kiganja juu ya kitambaa, polepole, kama mtu anayepapasa mgongo wa mgonjwa, na machozi yakamlenga.

"Baba," alisema, "nailoni ya Mama."

Nyuma yake Denise alikuwa amebaki kizingitini, viatu mkononi, amefunga kilemba kwa heshima yangu, nacho kimekaa upande. Alinisalimu shikamoo kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Macho yake yakatafuta mahali, akachagua kigoda cha plastiki karibu na jiko, akawa anainama akikalie.

"Hapana, mwanangu," nilimwambia. "Keti hapa."

Alimtazama Bushra. Kisha akaja, akajikunja ukingoni kabisa mwa kochi, akaketi.

Halikulia.