Sayari ya Pamba

Masele wa Dutwa alikuwa na ugonjwa usio na dawa: alipenda filamu za anga. Ulimwanza akiwa darasa la tano, kwenye kibanda umiza cha sokoni, cha kuonyeshea video, ambako sauti ya mtafsiri ilifunika maneno yote ya waigizaji. Hata hivyo alielewa kwamba yule mwanamke mwenye suti ya rangi ya fedha ndiye nahodha, na kwamba chombo chake kimeanguka kwenye sayari nyeupe isiyo na mtu. Akakua, akaoa, akawa mpiga video wa harusi na misiba, lakini nahodha yule hakumtoka kichwani. Akaapa kutengeneza filamu yake mwenyewe ya kumuenzi, tena hapahapa Dutwa, na walimwengu wakome kumwona mtu wa kurekodi keki.

Tuseme ukweli, vifaa vyenyewe vilikuwa kichekesho. Suti zilishonwa kwa viroba vya mbolea vikapakwa rangi ya fedha, na ukigeuka vibaya maneno ya kiwandani yalisomeka mgongoni. Kofia ya anga ilikuwa ndoo ya plastiki iliyokatwa dirisha. Mtungi wa hewa ulikuwa bomba la kupulizia dawa ya pamba, ambalo lilinuka dawa hadi mwigizaji akatokwa machozi pasipotakiwa machozi. Chombo chenyewe kilikuwa trela la trekta lililovishwa mabati ya kuazima. Masele aliyatazama yote hayo kupitia simu yake na kuona anga. Hiyo ndiyo shida ya mtu anayependa.

Sayari ndiyo haikuwa kichekesho. Sayari ilikuwa nusu eka ya pamba ya mkewe, Felisita. Mwezi wa tano ulipofika pamba ilipasuka, shamba likawa jeupe pe, na asubuhi mwanga ulipolala juu yake hata mkulima wa siku zote alisimama kutazama. Shamba hilo Felisita alililima kwa mkono wake, kando ya mashamba ya nyumbani, kwa nia moja tu: anunue mtamba wake mwenyewe. Tangu aolewe alikuwa akikamua ng'ombe wa watu wengine.

"Niachie wiki moja tu usivune," Masele alimwomba. "Nipige scene ya mwisho, halafu tutavuna wote."

"Wiki moja," alisema Felisita. "Ukisema wiki, iwe wiki."

Akakubali hata kuwa nahodha, maana msichana aliyetakiwa alikataa kuvaa ndoo. Vijana wawili waliopaswa kuwa askari nao walipotea, mmoja kwenye machimbo, mwingine kwenye bodaboda. Ikabidi uaskari auchukue mzee Bujiku, baba yake Masele, ambaye hakuelewa habari za sayari hata chembe ila hakutaka mwanawe aumbuke.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na Masele hakuwa na wa kumlaumu, kwa kuwa alijua mila za kwao kabla ya kujua filamu. Nahodha alitakiwa amkabili askari mwoga katikati ya pamba na kumwamuru arudi chomboni. Felisita alikuja kwa hatua za kijeshi, kidevu juu, vizuri kabisa. Alipofika mbele ya baba mkwe wake, magoti yakakunjika yenyewe, akashuka chini hadi ndoo ikagonga shina.

"Mwangaluka, baba," alimwamkia nahodha kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu," alijibu askari mwoga, akiinua ndoo yake ili asikike vizuri. "Mmeamkaje huko?"

Walirudia. Felisita alicheka, akaomba radhi, akajaribu kumtazama mzee kifuani badala ya usoni. Bado goti lilikwenda. Alipojilazimisha kusimama wima, sauti ya amri ilitoka ya kunong'ona, kama mtu anayeomba chumvi.

"Siwezi kumfokea baba," alisema mwishowe. "Ndoo hainifanyi nisimjue."

Siku iliyofuata simu iliisha chaji. Kisha mzee akaitwa msibani Kiloleli, na msiba wa Kisukuma haupangiwi siku ya kutoka. Wiki ikaisha. Felisita alitoka asubuhi na gunia mkononi, na Masele akamkuta ukingoni mwa shamba.

"Jumamosi," alimwambia. "Baba anarudi Ijumaa. Ukichuma sasa sayari itakuwa na madoa."

Felisita alitazama pamba, kisha mbingu, kisha mume. Akalikunja gunia. Masele kwa upumbavu wake alidhani huo ni upendo wa sanaa.

Jumamosi wakavaa. Kabla nahodha hajatoa amri, upepo ulibadilika, wingu likatokea upande wa ziwa, na mvua ambayo hakuna aliyeitazamia mwezi ule ikashuka kwa matone makubwa. Felisita aliing'oa ndoo akaitupa. Alikimbilia katikati ya shamba, akaanza kuchuma kwa mikono miwili, akijaza pamba kifuani mwa ile suti ya viroba. Mzee Bujiku naye akainama kuchuma, mtungi mgongoni.

Masele alikuwa amesimama ndani ya trela, chini ya mabati, simu mkononi. Kwa miaka yote aliyoota filamu, hakuwahi kuona picha nzuri kiasi kile: mwanamke wa fedha peke yake kwenye weupe, mvua ikimpiga, sayari ikiyeyuka. Alijiambia dakika moja tu, kisha atakwenda. Akajiambia tena. Alipoishusha simu, pamba ilikuwa imelala matopeni.

Kwenye kituo cha kununulia, karani aliishika, akaisogeza kando kwenye fungu la pamba chafu. Fifi. Iliyobaki safi haikujaza hata gunia, na ndoto ya mtamba ikaishia hapo. Felisita hakugomba, na kutogomba kwake kulimtesa Masele kuliko kelele. Akajifungia na kuhariri. Filamu ikiwa nzuri, alijiambia, haya yote yatakuwa na maana, na mke wangu ataona. Mwisho hakuwa nao, kwa hiyo akaweka mvua. Kwenye spika ya simu yake kulisikika maji na upepo tu.

Ikaonyeshwa Jumapili baada ya ibada, kwenye kibanda umiza kilekile, ambacho sasa kilikuwa cha rafiki yake Danford. Masele alileta maspika yake ya harusini ili sauti iwe ya heshima. Watu walicheka tangu mwanzo. Walicheka mabati, wakacheka mbuzi aliyelia kwenye sayari isiyo na uhai. Nahodha alipopiga magoti mbele ya askari, kibanda kilitaka kuanguka. Masele alitamani ardhi impasukie. Felisita, kwenye benchi la wanawake, aliinamisha uso. Mzee Bujiku aliipakata kofia yake magotini.

Ndipo ikaja mvua, na kicheko kikakatika. Mwanamke yule alichuma, akaanguka, akainuka, akachuma. Na kutoka kwenye yale maspika makubwa, chini ya ngurumo ya maji, ikatoka sauti ambayo simu haikuwahi kuitoa.

"Masele, weka hiyo simu. Njoo unisaidie." Kisha, sauti ikikatika: "Masele. Mume wangu. Njoo."

Danford alimwinamia Masele sikioni.

"Hapo sasa mkeo ameigiza," alinong'ona. "Pengine pote ovyo, ila hapo ameigiza."

Felisita alisimama, akajifunga kanga vizuri, akapita katikati ya mabenchi mpaka kwa mzee. Akapiga magoti, pale mbele ya watu wote, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Baba, twende nyumbani," alisema.

Wakatoka wote wawili, wakampita Masele. Naye alibaki akitazama ukutani, ambako mkewe alikuwa bado anachuma. Alimwona baba yake ameinama, mzee wa watu, na bomba mgongoni. Akajitafuta yeye yuko wapi kwenye picha ile, hadi ilipokwisha, na hakuwemo.