Mbegu za Waziri

Ukoo mzima ulimwita Waziri, ingawa wizara yake ilikuwa kundi la ukoo kwenye simu na bajeti yake ilikuwa bando. Alikuwa kaka mkubwa, na mdogo wake hakununua hata jembe kabla kaka hajatoa kauli.

Mke wa huyo mdogo ndiye aliyehudhuria mafunzo ya bwana shamba. Alisikia kwa masikio yake kwamba mahindi chotara hayarudiwi: ukipanda punje ulizovuna, mazao yanaharibika. Kila msimu unanunua mbegu mpya dukani.

"Haya tule, tusiyapande," alimwambia mumewe wakipukuchua mavuno ya kwanza ya chotara, mahindi manene ya kupendeza.

"Kaka katuma sauti. Amechagua mahindi makubwa kuliko yote, atatugawia mbegu ndugu wote. Bure!"

"Kwani alikuwepo kwenye mafunzo?"

"Kaka ana uzoefu."

"Wa nini? Wa kubonyeza simu?"

Mume akanuna. Basi ukoo mzima ukapanda punje za Waziri, kila mtu akimchungulia jirani yake na kujipa moyo kuwa wote hawawezi kukosea. Na hao ni watu wazima wenye ndevu zao! Mke aliomba angalau kipande kidogo nyuma ya choo apande mbegu za dukani, akanyimwa, eti shemeji atajisikia vibaya. Sasa watoto wangekula nini, hisia za shemeji?

Mahindi yakaota kila moja na lake, mengine marefu, mengine yakiishia magotini, na mengi hayakubeba kitu. Ghalani hata panya walihama.

Jioni moja mke alikuwa akigawa uji mwepesi kama maji, watoto wakilamba vikombe, mumewe akaingia mbio na simu mkononi.

"Mke wangu, kaka kagundua jambo kubwa! Kumbe chotara hairudiwi, inanunuliwa upya kila msimu! Huko kwenye kundi wanavyompongeza, acha tu!"

Mke akatua upawa chini.

"Mimi nilikwambia nini?"

"Ulisema, ndiyo," mume alijibu, macho hayatoki kwenye simu. "Lakini wewe ulisema tu. Kaka amefanya utafiti."

"Amefanyia kwenye matumbo ya wanangu!"

Mume hakusikia. Alikuwa anatafuta kile kipicha cha makofi amtumie kaka yake.